Maji ya Victoria, samaki wa Tanganyika

Kwenye veranda ya nyumba tunayopanga hapa Isevya, Tabora, kuna ndoo mbili za lita 20 ambazo hazifunikwi kwa mifuniko yake. Zina kipande cha chandarua juu ili mbu wasitage, basi. Mgeni akitaka kunawa mikono namwelekeza kwenye ndoo ya uani, kwa sababu hizi mbili ni za samaki. Maji yake yanatoka kwenye bomba lile lile tunalonywea sisi, lakini hayaingii kwenye tangi la kioo pale sebuleni mpaka yalale siku mbili, yapulizwe hewa, yatiwe vitu viwili, kisha yapimwe. Watu huniuliza kwa nini nahangaika hivyo na maji ambayo tayari yameshasafishwa. Nitajibu kwa urefu, maana kabla sijalijua jibu hilo nilikwishaua samaki tisa.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mshonaji, na Tabora nimeletwa na ndoa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alizamia samaki wa mapambo kwa miaka mingi kwa tajiri mwenye leseni ya kuwasafirisha nje. Utotoni hatukuwathamini samaki wale. Samaki kwetu walikuwa dagaa, migebuka, kuhe na ngege, yaani kitu cha kuingia chunguni. Vile vidogo vya kwenye mawe tulivitazama tu tukiwa tunaoga: vyeusi vyenye vitone vyeupe, vya njano, vyenye michirizi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo mmoja na hao, uitwao sikilidi, karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani, na kwamba kuna watu Ujerumani na Japani wanaowatengenezea maji ya bandia yafanane na yale niliyokuwa nachotea ndoo bure.

Binti yangu alipofika miaka tisa, mjomba alimwahidi zawadi. Akachagua wale ninaowapenda mimi kuliko wote, samaki wa magamba. Wataalamu humwita Lamprologus ocellatus. Ni mdogo, dume kubwa halizidi urefu wa kidole, na nyumba yake ni gamba tupu la konokono wa ziwani. Hulikuta limelala juu ya mchanga, akalichimbia chini mpaka ubaki mlango tu, kisha akakaa mlangoni hapo kama askari. Ukipitisha mkono karibu anakurukia, yeye asiyefikia hata nusu ya kiganja. Kwa moyo ule tu, ningemfuga hata kama hana rangi.

Fundi vioo wa mjini alitutengenezea tangi la lita 120. Nilimsisitiza atumie silikoni ya kawaida, si ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huvuja polepole na kudhuru samaki. Mchanga mjomba aliutuma pamoja na magamba yenyewe. Samaki wanane wakapanda treni ya reli ya kati, ile ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakiwa ndani ya mifuko miwili iliyovishwa mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni. Walishinda na njaa siku mbili kabla ya safari ili wasichafue maji njiani. Mjomba anajua kazi yake. Waliteremka Tabora wazima wote wanane.

Maji ndiyo niliyoyajua vibaya. Bomba letu lilikuwa limekauka siku tatu, na jioni ile ya wao kufika likarudi kwa kishindo. Nilishukuru Mungu. Nikajaza tangi moja kwa moja kwa mpira, nikaelea mifuko juu nusu saa ili joto lilingane, nikawaachia. Maji yalikuwa yananukia dawa kidogo, harufu ambayo kwetu sote maana yake ni usafi. Baada ya saa mbili walikuwa wote juu, midomo nje, wakihema haraka. Binti yangu akasema, "Mama, wanataka hewa." Nikaongeza pampu ya hewa, nikalala. Asubuhi sita walikuwa wamekufa, matamvua yao yamepauka na kutoa ute. Wawili walikuwa hai, wamejificha ndani kabisa ya magamba.

Nilimpigia mjomba nikilia, mtu mzima mimi. "Shikamoo mjomba. Samaki wamekwisha." Akaitikia, akanyamaza kidogo, akauliza swali moja tu: "Maji ya wapi, mwanangu?" Nikamwambia ya bomba, mazuri kabisa, tunakunywa. Akasema, "Sijauliza kama ni mazuri. Nimeuliza ya wapi."

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Miaka nenda rudi Tabora ilikunywa maji ya mabwawa yake, Igombe na Kazima, na bado nilidhani nakunywa ya Igombe. Kumbe bomba letu sasa linabeba maji ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, yanasafishwa huko, yanasafiri mpaka Solwa, na kutoka Solwa mradi mpya ukayashusha Nzega, Igunga na Tabora. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Ziwa Tanganyika, nilikuwa nimewatoa samaki wa ziwa langu nikawatia ndani ya Victoria, tena Victoria iliyotiwa klorini.

Tuanze na hiyo klorini. Mtaani kwetu anaishi kijana mmoja ambaye kazi yake ni kupima ubora wa maji. Nilimwomba anipimie. Alikuja na kifaa chake kidogo, akachota maji ya bomba kwenye kichupa, akatia kidonge, maji yakageuka rangi ya waridi. Akalinganisha na alama za rangi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama, hii ndiyo inayotakiwa," akaniambia. "Nikikuta bomba la mwisho wa mtaa halitoi rangi hii, siku hiyo silali." Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanayomfikia mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, ili kama bomba limepasuka mahali na uchafu ukaingia, kuwe na kinga iliyobaki humo ndani.

Wala sikumbishia. Mei 2015 nilikuwa nyumbani Kigoma wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kile cha ufukweni, na kipindupindu kikaua watu. Aliyeona mwezi ule hawezi kuisema vibaya klorini mbele yangu. Lakini miligramu 0.2 ile inayomlinda mwanangu inatosha kabisa kumwua samaki. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, katika vigezo vyake vya kulinda viumbe wa maji baridi, imeweka mpaka wa mikrogramu 19 kwa lita kwa muda mfupi na 11 kwa muda mrefu, na mikrogramu 1,000 ndiyo miligramu moja. Kiwango cha chini kabisa kinachoshauriwa bombani kinapita mpaka huo wa kwanza mara kumi. Sisi klorini inapita tumboni, ambamo inakutana na chakula na asidi ikaisha nguvu. Samaki hupitisha maji juu ya matamvua kila sekunde, na kati ya maji hayo na damu yake kuna ngozi nyembamba mno. Inaunguzwa. Ndiyo maana samaki wangu walihema wakiwa ndani ya maji yaliyojaa hewa.

Bahati nzuri klorini ya kawaida haina subira. Ndoo ikiachwa wazi, maji yakipulizwa hewa, siku moja hadi mbili inatoroka, na jua likiyapiga inaondoka upesi zaidi. Lakini kuyaacha kwenye simtanki jeusi lililofungwa si sawa na kuyaacha wazi, humo inachelewa sana. Kuna miji duniani inayotumia kloramini, ambayo ni klorini iliyofungamanishwa na amonia, na hiyo haitoroki kwa kusubiri, lazima dawa. Mwenye haraka anaweza kutumia sodiamu thayosulfeti, au vitamini C safi ya unga: takriban miligramu 2.5 humaliza miligramu moja ya klorini. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni chembe tu, inayokaa kwenye ncha ya kisu. Vile vidonge vya kutafuna vyenye rangi ya chungwa na sukari, hapana.

Nilijifunza hivyo, nikasubiri miezi miwili, mjomba akaongeza samaki sita. Maji nikayalaza siku tatu kwa woga. Wote wakaishi. Nikadhani nimefuzu.

Hapa ndipo niliposhindwa mara ya pili, na kosa hili linaniuma zaidi kwa kuwa lilizaliwa na tahadhari. Kwa kuogopa bomba, nilibadilisha maji mara chache mno, ndoo moja kwa mwezi, wakati mwingine hata hiyo hapana. Mwezi wa tatu samaki walianza kupauka. Hawakuchimba tena. Dume langu kubwa, lililokuwa linarukia kidole cha binti yangu, likawa linakaa pembeni limebana mapezi.

Nikaenda sokoni nikanunua chumvi ya Uvinza. Treni ya kwetu inapita Uvinza, chumvi hiyo inatoka kwenye chemchemi za huko, nami nikajiambia kwamba hii ndiyo ladha ya nyumbani wanayoikosa. Nikatia vijiko viwili. Hakuna kilichobadilika, na sasa naelewa kwa nini. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi, na maji ya Ziwa Tanganyika hayana kloridi ya kutisha. Utajiri wake uko kwingine.

Niliyajua hayo kwa mikono yangu tangu mtoto bila kuyajua kwa akili. Ukifua kwa maji ya ziwani Ujiji, sabuni inakataa kidogo, povu linakuja kwa kubembelezwa. Hapa Tabora sabuni ile ile inafura kama maziwa yanayochemka. Mama yangu alipokuja kunitembelea alisuuza nguo mara tatu akalalamika kwamba maji ya huku hayamalizi utelezi. Huo ndio ugumu na ulaini wa maji. Maji ya Tanganyika yana magnesiamu takriban miligramu 40 kwa lita, na bikaboneti nyingi, madini yanayomeza asidi, inayoyafanya yawe na pH ya 8.6 hadi 9 hivi. pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi. Maji ya Victoria ni laini sana, uwezo wake wa kumeza asidi ni kama moja ya sita au ya saba ya ule wa Tanganyika.

Sababu yake ni nzuri kuijua. Ziwa Victoria ni sinia pana lisilo na kina, mita 80 tu hivi panapozidi, na sehemu kubwa kabisa ya maji yake, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja. Mvua haijakanyaga udongo, haijabeba madini. Ziwa Tanganyika ni bonde lenye umri wa mamilioni ya miaka, kina chake kinafika karibu mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, na maji yake mengi huondoka kwa kufanywa mvuke na jua. Maji yakipaa, madini yanabaki. Juu ya hayo, Mto Rusizi unaleta kutoka Ziwa Kivu maji yaliyopita kwenye nchi ya volkano, yamejaa magnesiamu, potasiamu na bikaboneti. Kwa hiyo samaki wangu na furu, vile visamaki vya Ziwa Victoria kule Mwanza, ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja amelelewa kwenye chungu chake.

Sasa lililonipata kwenye tangi. Samaki hutoa amonia kwa kinyesi na kwa kupumua. Bakteria wanaokaa kwenye filta na mchangani huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina sumu kali. Kazi hiyo inakula bikaboneti: kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia humaliza uwezo wa kumeza asidi kiasi cha miligramu saba, ukipimwa kwa kipimo cha kalisiamu kaboneti. Kwenye maji ya Kigoma hilo ni kama kuchota kikombe ziwani. Kwenye maji yangu laini, nisiyoyabadilisha, ghala lilikuwa dogo na likaisha. Lilipoisha, pH ikaanza kushuka, na iliposhuka sana bakteria wenyewe wakalegea. Amonia ikaanza kujikusanya.

Na haikuwaua. Kwenye maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, katika kila sehemu 100 za amonia, isiyofika hata moja ndiyo iliyo katika hali ya sumu, iliyobaki imetulia. Kwenye pH 8 sehemu za sumu ni kama tano. Kwenye pH 9 ni kama 36. Kwa hiyo walikuwa wanaogelea juu ya bomu lililolala, wagonjwa lakini hai. Nami, baada ya kusoma kidogo na kuelewa nusu, nikanunua bikaboneti ya soda ile ya kuokea, nikatia vijiko vitano vilivyojaa kwa mkupuo mmoja ili niwarudishe nyumbani haraka. pH ikapanda ndani ya dakika. Bomu likaamka. Watatu walikufa kabla sijamaliza kuosha kijiko, na dume kubwa alikuwa mmojawao.

Sitaki mtu mwingine arudie hilo, kwa hiyo narudia kwa ukali: tangi lililozeeka na kushuka pH halipandishwi kwa siku moja. Linabadilishwa maji kwanza, kidogo kidogo, siku nyingi mfululizo, mpaka amonia itoke. Ndipo madini yaongezwe, tena ndani ya ndoo nje ya tangi, kamwe si juu ya vichwa vya samaki.

Siku hizi ndoo yangu inatengenezwa hivi. Bomba likirudi baada ya kukatika sichoti kwanza. Nayaacha yatiririke kwenye pipa la kumwagilia mpaka yale ya kutu yapite, kwa sababu nyumba yetu ina mabomba ya zamani ya chuma, na maji yaliyolala ndani ya chuma chenye zinki au ndani ya viungo vya shaba hubeba madini ambayo ni sumu kwa samaki, tena maji yakiwa laini sumu hiyo inazidi makali. Yakija meupe kama maziwa natazama glasi: yakianza kuwa angavu kuanzia chini kwenda juu, ni hewa iliyobanwa, si uchafu. Hata hivyo siyatii, maana hewa iliyozidi kipimo inaweza kutengeneza mapovu ndani ya mwili wa samaki. Usiku mmoja wa kukaa wazi unalimaliza hilo.

Siku ya pili natia kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, kilichosawazishwa, yaani gramu 5 hivi kwa lita 20, na kijiko kimoja na nusu cha chumvi ya Epsom, ambayo ni salfeti ya magnesiamu. Bikaboneti inaongeza kinga dhidi ya asidi, Epsom inaleta magnesiamu karibu na ile ya ziwani. Kwa vipimo vyangu maji hayo yakishapulizwa hewa yanakaa kwenye pH 8.3 hadi 8.5. Si Tanganyika kamili, lakini yanafanana vya kutosha, na kubwa zaidi, hayayumbi. Mjomba husema samaki huvumilia maji ya ugenini kuliko maji ya kigeugeu, na miezi hii yote sijaona cha kumpinga. Kila Jumamosi nabadilisha ndoo hizo mbili, theluthi moja ya tangi au pungufu kidogo.

Mnaotaka kutumia magadi kwa kuwa ni rahisi na yapo kila genge, nawasihi msitumie. Magadi yetu mengi yana floridi nyingi, na yana kaboneti kali inayorusha pH kupita mpaka. Hata ile poda ya kuumulia keki si mbadala, ndani yake kuna asidi na wanga. Someni kibandiko vizuri.

Nilijaribu pia kisima cha jirani, nikidhani maji yaliyopita kwenye mwamba yatakuwa magumu. Miamba ya huku ni matale, haitoi madini mengi, na karatasi ya kupimia ilionyesha naitreti ya juu, jambo ambalo karibu na vyoo vya shimo halishangazi. Niliacha habari ya samaki nikaenda kumwambia jirani asiwakorogee wachanga uji na maziwa kwa maji yale. Alinisikiliza. Mpaka leo anachota kwetu maji ya kunywa.

Joto sitalizungumza sana. Juni na Julai usiku wa Tabora unashuka mpaka nyuzi 15 hivi, wakati samaki wale wamezoea 24 hadi 27. Hita lazima, na umeme ukikatika tunalivisha tangi blanketi.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa msiba, nikabeba karatasi zangu za kupimia mkobani. Baada ya matanga nilikwenda kwa mjomba na kupima bomba lake. Kigoma mjini nako maji yanavutwa ziwani, kwa hiyo karatasi ikapanda mpaka kijani cha mwisho cha pH, na ugumu ukasoma kama nilivyotarajia. Mtu wa Kigoma anayefuga samaki wa Tanganyika ana kazi moja tu, kuitoa klorini. Madini ameshapewa na ziwa. Niliona wivu, nakiri.

Lakini kuna jambo nilimweleza mjomba safari ile ambalo hakulijua, na nilifurahi kwa mara ya kwanza kuwa mimi ndiye ninayemfundisha. Klorini hufanya kazi vizuri kwenye maji yenye pH ya chini. Kwenye pH 7 sehemu kubwa yake iko katika umbo lenye nguvu ya kuua vijidudu. Kwenye pH 9 ni kama sehemu tatu tu kwa mia zilizo katika umbo hilo, zilizobaki ni dhaifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapenda pH iwe chini ya 8 wakati wa kutia klorini. Ziwa letu haliwezi kutii hilo. Maana yake ni kwamba maji ya Kigoma yanahitaji muda mrefu zaidi wa kukaa na dawa kabla ya kunywewa, na anayetia klorini ya vidonge kwenye ndoo ya maji ya ziwani kisha akanywa papo hapo anajidanganya. Mjomba alikuwa na ndoo kama hiyo jikoni. Akaitazama, akaita wajukuu, akawaambia kuanzia leo hakuna kugusa mpaka nusu saa ipite, tena bora saa nzima.

Nilirudi Tabora na madumu mawili ya maji ya ziwani. Sikuyahitaji kwa samaki. Niliyataka kwa kulinganisha, na kwa kweli niliyataka tu. Moja nililimimina tangini kidogo kidogo. Lingine lilikaa chini ya cherehani yangu hadi binti yangu alipoliomba alipeleke shuleni, wakapime sabuni darasani: maji ya Ujiji kwenye chupa moja, maji ya bomba kwenye nyingine, vipande sawa vya sabuni, tikisa. Alirudi akiniambia mwalimu aliwauliza watoto maji yepi ni bora, darasa zima likapiga kelele ya chupa yenye povu. Yeye akanyoosha mkono akauliza, bora kwa nani?

Wale watano waliobaki, majike wanne na dume moja dogo, walikaa karibu mwaka bila kuzaa. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nikasema angalau wanaishi. Majuma mawili yaliyopita jike mmoja akaanza kuwa mkali kupita kawaida. Alikuwa anafukia mlango wa gamba lake, anaufukua, anawafukuza wenzake mpaka kona ya mbali. Jana usiku, taa ya sebuleni imezimwa, binti yangu alimulika kwa simu na kuniita kwa kunong'ona. Mlangoni kwa gamba lilikuwepo wingu dogo la vitu vyenye macho, kila kimoja kama punje ya ulezi, vinaingia na kutoka. Tulihesabu mpaka kumi na saba, vikatuchanganya.

Nimempigia mjomba leo asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza tena lile swali lake, maji ya wapi. Nikamjibu, "Ya Misungwi, mjomba, lakini nimeyapika." Akacheka sana. Kisha akaniambia Jumamosi hii nisibadilishe ndoo mbili, nibadilishe moja, niimimine kwa kikombe, upande wa mbali na gamba lile. Bomba limekatika tangu jana, lakini ndoo ya kwanza ilishajaa.